Mji Uliohesabu Watoto Wake

1. Mji wa viwanda

Kaskazini ya Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, upo mji uitwao Huddersfield. Zamani watu wake walisifiwa sana kwa kusokota sufu na kufuma nguo. Mashine zao ziliendeshwa kwa nguvu ya mvuke, na moshi wa makaa ulitanda juu ya mapaa ya nyumba. Wanaume na wanawake waliingia viwandani asubuhi na mapema, wakatoka jioni. Mji ulikuwa na mali: ulikuwa na baraza lake, njia za mawe, mabomba ya maji, na taa za usiku. Walakini katika mji huo, kama katika miji mingine ya nchi ile, watoto wachanga walikufa kwa wingi.

Mwaka wa 1899, katika kila watoto 1000 waliozaliwa hai katika Uingereza na Wales, 163 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba katika watoto sita, karibu mmoja alikufa. Watu walisikitika, lakini walikuwa wamezoea, kwa kuwa hata msiba, ukirudi kila siku, mwisho huonekana kuwa ni desturi. Wengi walisema kwamba watoto dhaifu hawana budi kufa, wala hapana mtu awezaye kuzuia.

Kisha vikaja vita vya Waingereza na Makaburu katika Afrika ya Kusini, toka mwaka wa 1899 hata 1902. Vijana wengi waliotaka kuwa askari walikataliwa kwa sababu miili yao ilikuwa dhaifu. Hapo wakuu wa serikali wakaingiwa na hofu, wakaanza kuuliza: Je, watoto wetu wanalelewaje? Mwaka wa 1904 kamati iliyowekwa na serikali kuchungua jambo hilo ilitoa taarifa yake, na watu wengi wakaisoma kwa makini.

2. Kwa nini watoto walikufa

Adui mkubwa alikuwa maradhi ya kuharisha, hasa wakati wa joto. Mama aliyenyonyesha mtoto wake kwa maziwa yake mwenyewe alimkinga sana na maradhi hayo. Lakini akina mama wengine walirudi kazini upesi, kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha. Sheria ya mwaka wa 1891 ilimkataza mwenye kiwanda kumwajiri kwa kujua mwanamke kabla ya majuma manne kupita tangu kujifungua. Lakini sheria hiyo haikumpa mama mshahara wo wote katika majuma hayo. Basi mama alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili yalikuwa mabaya: kukaa nyumbani na njaa, au kwenda kazini na kumwacha mtoto kwa jirani.

Mtoto aliyeachwa alinyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa chupa. Maziwa yenyewe yalikamuliwa katika mazizi machafu, yakachukuliwa safari ndefu, yakakaa wazi dukani. Nzi walitoka katika mavi ya farasi njiani, wakatua juu yake. Tena chupa nyingi za siku zile zilikuwa na mpira mrefu kama utumbo, ambao mtoto aliunyonya akiwa amelala. Ndani ya mpira huo hapakuwezekana kusafishwa sawasawa. Maziwa yaliganda mle, yakaoza, na vijidudu vya maradhi vikazaana humo. Mama alidhani anamlisha mtoto wake, kumbe anamnywesha sumu.

Yako mambo mengine yaliyouzidisha msiba huo. Nyumba zilisongamana, vyoo vilikuwa vibaya, na akina mama wenyewe walikuwa wamechoka na kudhoofika kwa kazi na kwa kuzaa mfululizo. Kwa hiyo si haki kusema kwamba watoto walikufa kwa ujinga wa mama zao tu. Ujinga ulikuwapo, lakini umaskini ulikuwapo pia, na mara nyingi viwili hivyo vilikwenda pamoja kama mtu na kivuli chake.

3. Ahadi ya Bwana Broadbent

Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1904, Bwana Benjamin Broadbent aliwekwa kuwa meya wa Huddersfield, yaani mkubwa wa baraza la mji. Alikuwa amesoma habari za watu wa Ufaransa. Huko Paris, mganga aitwaye Pierre Budin alikuwa ameanza mwaka wa 1892 kuwaita akina mama walete watoto wao wachanga kila mara wapimwe uzito, hata kama si wagonjwa. Na katika mji wa Fécamp, mganga Léon Dufour alifungua mwaka wa 1894 nyumba ya kugawa maziwa safi kwa watoto. Hata katika Uingereza yenyewe, baraza la mji wa St Helens lilifungua nyumba ya maziwa kama hiyo mwaka wa 1899.

Broadbent akafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Katika mji wake ulikuwapo mtaa uitwao Longwood. Akatangaza kwamba kila mtoto atakayezaliwa Longwood katika mwaka wake wa kwanza wa umeya atapewa paundi moja siku ya kutimiza mwaka mmoja wa maisha. Paundi moja wakati ule ilikuwa shilingi 20, nayo ilikaribia mshahara wa juma zima wa mfanyi kazi wa kawaida. Mama alipojifungua alipewa hati ya ahadi hiyo, pamoja na maonyo mafupi ya kulea: mnyonyeshe mwenyewe, usitumie chupa ya mpira mrefu, mwogeshe, mpe hewa safi. Tena wanawake waliojitolea walikwenda kuwazuru akina mama nyumbani kwao.

Mwaka ulipokwisha, hesabu ikafanywa. Watoto 112 walikuwa wamezaliwa. Kati yao 107 walitimiza mwaka, wakapata paundi zao. Waliokufa walikuwa watano tu. Kabla ya hapo, katika mtaa ule ule, watoto waliokufa walikuwa kama 122 katika kila 1000. Sasa hesabu ilishuka kuwa karibu 45 katika 1000.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: Je, fedha ndiyo iliyowaponya watoto? Paundi moja haiwezi kuua kijidudu hata kimoja. Fedha ilikuwa kama kengele. Ilimwita mama asikilize, ikawaita majirani watazame, ikauambia mji mzima kwamba uhai wa mtoto mchanga una thamani. Lililosaidia kwa kweli ni maarifa, maziwa ya mama, na mgeni aliyekuja kwa upole kuuliza hali ya mtoto. Tena ni lazima kukumbuka kwamba mtaa mmoja na mwaka mmoja havitoshi kuthibitisha neno. Huenda mwaka ule ulikuwa mwema kwa sababu nyingine pia. Kwa hiyo ilibidi jambo lenyewe lijaribiwe mahali pengi.

4. Kwanza kujua, ndipo kusaidia

Daktari Moore, aliyekuwa mganga wa afya wa mji, aliona kizuizi kimoja kikubwa. Sheria ya Uingereza ilimpa mzazi siku 42 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Lakini watoto wengi walikufa katika majuma ya kwanza. Basi mara nyingine baraza la mji lilipata habari ya kuzaliwa na habari ya kufa kwa wakati mmoja. Utamsaidiaje mtu ambaye hujui kama yupo?

Mji ukaanza kutoa shilingi moja kwa mtu aliyeleta habari ya kuzaliwa kwa mtoto kabla ya saa 48 kupita. Habari ilipofika, mganga mwanamke aliyeajiriwa na mji alikwenda kumtazama mama na mtoto wake. Kama palikuwa na shida, alirudi tena, au alimtuma mmojawapo wa wanawake waliojitolea. Mwaka wa 1906 Huddersfield ilipata sheria yake yenyewe iliyowalazimisha watu kutoa habari hiyo. Mwaka uliofuata, 1907, Bunge lilitunga sheria ambayo kila mji uliweza kuikubali kwa hiari, nayo ilitaka habari itolewe kabla ya saa 36 kupita. Mwaka wa 1915 sheria hiyo ilienezwa nchi nzima, isiwe hiari tena.

Si akina mama wote waliofurahi. Wengine walifunga mlango. Walisema, “Huyu bibi aliyevaa vizuri, ambaye pengine hajazaa hata mmoja, atanifundisha nini?” Uchungu wa mwana aujua mzazi, na hakuna mama apendaye kupelelezwa kama mwivi. Wale wazuru waliofanikiwa ni wale waliojifunza kubisha hodi kwa adabu, kukaa, kusikiliza kwanza, na kusema baadaye. Wale walioingia kwa amri na kunusa pembe za nyumba hawakupata kitu ila chuki.

5. Kabla mtoto hajazaliwa

Kazi hii yote ilianza siku ya kuzaliwa. Lakini watoto wengine walizaliwa wamekwisha kufa, na wengine walizaliwa dhaifu kiasi cha kuishi siku chache tu. Tena akina mama wenyewe walikufa katika uzazi. Huko Edinburgh, katika Scotland, alikuwako mganga aitwaye John William Ballantyne. Alijifunza kwa miaka mingi maradhi ya watoto walio tumboni. Akatambua kwamba waganga walikutana na mama mara ya kwanza uchungu ulipokwisha kuanza, na pengine hatari ilipokwisha kuwa kubwa. Mwaka wa 1901 aliandika katika gazeti la waganga akiomba pawe na mahali pa kuwatunza waja wazito kabla ya kujifungua. Mwaka ule ule kitanda kimoja kikatengwa kwa kazi hiyo katika hospitali ya uzazi ya Edinburgh. Kitanda kimoja tu! Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na yule mganga alikuwa ameuona ufa.

Mwaka wa 1915 kliniki ya waja wazito ilifunguliwa katika hospitali hiyo. Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kuyasaidia mabaraza ya miji. Mwaka wa 1914 ilitoa ahadi ya kulipa nusu ya gharama za kazi ya kuwatunza akina mama na watoto. Mwaka wa 1915 pia chama cha wake za wafanyi kazi kilitoa kitabu cha barua 160, ambamo akina mama walieleza kwa maneno yao wenyewe mateso ya uzazi na umaskini. Watu wengi walioyasoma waliona aibu. Kisha mwaka wa 1918 ikaja sheria ya kuwatunza akina mama na watoto. Sheria hii iliyapa mabaraza uwezo wa kufungua kliniki, kuweka nyumba za kujifungulia, kugawa maziwa, na kupeleka wasaidizi wa kazi za nyumbani kwa mama aliyejifungua. Tena iliagiza kwamba katika kamati ya kazi hiyo wawemo wanawake wasiopungua wawili.

6. Yaliyofanywa katika kliniki

Katika kliniki mja mzito aliulizwa kwanza habari zake: amezaa mara ngapi, na je, alipata shida gani? Swali hilo lina maana, kwa sababu mama aliyetokwa na damu nyingi katika uzazi uliopita huenda akatokwa tena.

Kisha mifupa ya nyonga ilipimwa. Watoto wengi wa miji yenye moshi walikua bila jua la kutosha, wakapata maradhi ya kulegea mifupa. Msichana aliyeugua hivyo utotoni alikuwa na njia nyembamba ya uzazi alipokuwa mtu mzima. Kama mganga alijua mapema, aliweza kumpeleka hospitali kwa wakati.

Mkunga aliweka mikono juu ya tumbo kwa utaratibu, akatafuta kichwa cha mtoto kilipo. Kwa kawaida kichwa huwa chini. Kikiwa juu, au mtoto akilala kikingamo, ni lazima kujua kabla ya uchungu kuanza.

Mkojo nao ulipimwa. Ulitiwa katika chupa nyembamba ya kioo, ukapashwa moto. Mkojo wa mtu mzima wa afya hubaki maji matupu. Lakini ukifanya weupe na kuganda, kama ute wa yai ukitiwa katika maji ya moto, ni dalili ya hatari. Pamoja na dalili hiyo walitazama kama miguu na uso vimevimba, na baadaye wakapima nguvu ya damu mwilini kwa mfuko wa hewa uliofungwa mkononi. Dalili hizi zikikutana, kifafa cha mimba ki karibu, nacho huweza kumwua mama na mtoto pamoja. Mama huyo alilazwa, akapumzishwa na kuangaliwa.

Mwaka wa 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza iliagiza utaratibu wa kuwatazama waja wazito: mara ya kwanza juma la 16, kisha la 24, kisha la 28, halafu kila majuma mawili hata juma la 36, na baada ya hapo kila juma hata siku ya kujifungua. Utaratibu huo ulifuatwa katika nchi nyingi kwa muda mrefu.

7. Mikono ya mkunga

Kliniki peke yake si kitu kama mikono inayompokea mtoto ni michafu. Mwaka wa 1847, huko Vienna, mganga Ignaz Semmelweis aliwaamuru wanafunzi wake wanawe mikono kwa maji ya dawa kabla ya kuwagusa akina mama, na homa ya uzazi ikapungua mara moja. Walakini wenzake wengi walimdharau, na mafundisho yake yalichelewa kukubaliwa.

Katika Uingereza, wakunga wengi walikuwa wanawake wa mtaani wasiofundishwa. Wengine walikuwa hodari na wenye huruma. Wengine walitoka kuosha maiti wakaenda kuzalisha bila kunawa. Sheria ya mwaka wa 1902 iliweka baraza la kuwasimamia. Tangu 1905 haikuruhusiwa mwanamke kujiita mkunga kama hana cheti, na tangu 1910 haikuruhusiwa mtu asiye na cheti kuifanya kazi hiyo kwa ujira kama desturi yake. Mwaka wa 1936 sheria nyingine iliyaagiza mabaraza kuhakikisha kwamba wako wakunga wa kutosha wenye mshahara, ili hata mama maskini asikose wa kumsaidia.

8. Hesabu isiyodanganya

Matunda ya kazi hii yalikuwa namna gani? Mwaka wa 1910 watoto waliokufa kabla ya mwaka mmoja walikuwa kama 105 katika kila 1000. Mwaka wa 1920 walikuwa kama 80. Mwaka wa 1930 walikuwa kama 60. Haya ni mavuno makubwa, ingawa hayakuletwa na kliniki peke yake. Maji safi, vyoo bora, maziwa safi na mishahara iliyoongezeka vilisaidia pia.

Lakini hesabu ya akina mama ilikuwa tofauti. Kwa zaidi ya miaka 30 ya kwanza ya karne ile, katika kila uzazi 1000, mama wanne au watano walikufa, wala hesabu haikushuka, ijapokuwa kliniki ziliongezeka mwaka hata mwaka. Wengine walikata tamaa. Wengine walitafuta sababu. Wakaona kwamba kuitambua hatari ni jambo moja, na kuwa na dawa ya kuishinda ni jambo la pili. Homa ya uzazi haikuwa na dawa. Mwaka wa 1935 Mjerumani Gerhard Domagk alitangaza dawa mpya iitwayo Prontosil, na mwaka wa 1936 Leonard Colebrook aliijaribu London kwa akina mama wenye homa ya uzazi, akaona wengi wakipona. Tangu hapo vifo vikashuka kwa haraka. Baadaye kukaja penisilini, na utaratibu wa kuwatia wagonjwa damu ya watu wengine. Mwaka wa 1950 mama waliokufa walikuwa chini ya mmoja katika uzazi 1000.

Kwa hiyo kazi hii yataka mambo mengi yaliyoungana: mzuru mwenye adabu, kliniki ya kuona hatari mapema, mkunga mwenye mikono safi, dawa, na chakula nyumbani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja hakiwaki.

9. Katika Afrika ya Mashariki

Kazi hii ilifika Afrika ya Mashariki pia. Huko Uganda, Daktari Albert Cook na mkewe Katharine, aliyekuwa mwuguzi, waliwafundisha wasichana wa nchi kazi ya ukunga katika chuo kilichokuwa Namirembe, karibu na hospitali ya Mengo. Wasichana hao walitumwa katika vituo vya mbali, wakawasaidia akina mama katika lugha yao wenyewe. Na katika mji wa Nairobi, nyumba ya uzazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka wa 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa gavana. Mwaka wa 1944 baraza la mji lilichukua usimamizi wake, na tangu hapo watoto wengi sana wa Nairobi wamezaliwa humo.

Mji hujulikana kwa majumba yake na masoko yake. Lakini mwenye kutaka kujua hali yake ya kweli na aulize kwanza: Watoto wangapi walizaliwa humo mwaka jana, na wangapi wako hai? Mama zao je?

Maswali

1. Kwa nini akina mama wa viwandani walirudi kazini upesi baada ya kujifungua, ingawa sheria ilizuia?
2. Eleza jinsi chupa yenye mpira mrefu ilivyoleta maradhi.
3. Watoto 112 walizaliwa Longwood, na 107 walitimiza mwaka. Fanya hesabu: ni wangapi waliokufa katika kila 1000?
4. Siku 42 za kuandikisha mtoto zilizuiaje kazi ya mganga wa mji?
5. Mkojo uliopashwa moto ukaganda ulionyesha nini?
6. Kwa nini vifo vya watoto vilipungua mapema kuliko vifo vya akina mama?
7. Andika barua fupi kwa mzuru mpya, ukimweleza jinsi ya kuingia katika nyumba ya mama aliyejifungua.